Uuguzi wa wagonjwa mahututi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kutoka pande mbili: wauguzi na wanafunzi wanaotaka kuingia ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), na ndugu wanaosubiri nje ya mlango wake. Nimeyaacha yakae pamoja, kwa sababu muuguzi anayejua ndugu wanawaza nini hufanya kazi yake vizuri zaidi, na ndugu anayejua muuguzi anahangaika na nini hupungukiwa hofu. Mwongozo wa hospitali yako ukitofautiana na ninayosema hapa, fuata mwongozo wa hospitali.

ICU ni ya mgonjwa wa aina gani?

Ni ya mgonjwa ambaye mapafu, moyo, figo au ubongo wake umeshindwa kazi au unaelekea kushindwa, na ambaye akishikiliwa siku kadhaa ana nafasi ya kurudi. Hiyo sehemu ya pili husahaulika. ICU yenyewe haiondoi ugonjwa; inamshikilia mtu huku dawa, upasuaji na mwili wake vikifanya kazi. Ndiyo maana mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna tiba iliyobaki anaweza asipelekwe huko, na uamuzi huo usiwe uzembe wa mtu yeyote.

Chimbuko la vyumba hivi linaeleza mengi. Mwaka 1952 polio ililipuka Copenhagen, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa karibu wote. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono kupitia mfuko. Mashine hazikutosha, hivyo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko hiyo, kila mmoja na mgonjwa wake. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kitengo maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, ICU ilianza kama mtu mmoja aliyekaa kando ya kitanda kimoja bila kuondoka. Mashine zilifuata baadaye.

Nisome nini ili niwe muuguzi wa ICU?

Kwanza uwe muuguzi mwenye leseni, kwa stashahada au shahada. Baada ya hapo nchi nyingi zina kozi ya ubingwa ya miezi kadhaa hadi miaka miwili, inayochanganya darasa na zamu za kando ya kitanda chini ya msimamizi. Utasoma fiziolojia kwa kina, mashine za kupumulia, dawa za kupandisha presha, usafishaji wa damu, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), gesi za damu (kipimo cha oksijeni na kaboni dioksidi katika damu), na maadili ya maamuzi ya mwisho wa uhai.

Swali linalofuata huwa ni kama upitie wodi ya kawaida kwanza. Zipo hospitali zinazochukua wahitimu wapya moja kwa moja na kuwalea kwa miezi, na baadhi yao huwa hodari sana. Bado ningekushauri upite wodini angalau mwaka mmoja. Huko utajifunza kumtambua mgonjwa anayeanza kubadilika kabla hajafungwa nyaya zozote, na jicho hilo ni gumu kulipata ukishazoea kuambiwa kila kitu na monita.

Nijiandae vipi kabla ya zamu ya kwanza? Nikariri vitufe vya mashine?

Hapana. Vitufe hubadilika kila hospitali inaponunua mashine mpya. Jiandae kwa hesabu na fiziolojia, maana ndizo zitakazokuokoa saa tisa usiku.

Chukua wastani wa presha ya ateri. Unajumlisha presha ya juu na mara mbili ya presha ya chini, unagawanya kwa tatu. Mgonjwa mwenye 90/45 ana wastani wa 60. Kwa mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi (presha imeporomoka kwa sababu ya maambukizi makali) lengo la kuanzia ni 65, kwa hiyo huyu bado hajafika, hata kama hiyo 90 inaonekana ya kuridhisha.

Au chukua dawa. Umeandaa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 4 katika mililita 50, yaani mikrogramu 80 kwa kila mililita. Mgonjwa ana kilo 70, na daktari ameagiza mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Hiyo ni mikrogramu 7 kwa dakika, 420 kwa saa, sawa na mililita 5.25 kwa saa. Pampu nyingi zitakupigia hesabu hiyo zenyewe. Ipige hata hivyo. Ukiona pampu imeandikwa 52.5, unataka kichwa chako kikatae papo hapo, kabla ya mkono kubonyeza.

Na beba utepe wa kupimia urefu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoumia vibaya hufa wachache zaidi wakipewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kilo badala ya 12: vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Ila kilo hizo si za mizani, ni uzito unaokadiriwa kutokana na urefu. Mwanaume wa sentimita 170 anahesabiwa kilo 66 hata akiwa na 110, hivyo pumzi yake ni kama mililita 400. Ukitumia uzito wa mizani unampa 660 na kuyaharibu mapafu uliyotaka kuyalinda. Mara nyingi anayepima urefu huo, mgonjwa akiwa amelala, ni muuguzi.

Ni kweli kila muuguzi ana mgonjwa mmoja tu?

Inategemea. Uingereza kanuni ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja pale mgonjwa anapopumulia mashine. Jimbo la California sheria inaruhusu wagonjwa wawili. Sehemu nyingi duniani hali ni ngumu kuliko hapo. Ukipewa wagonjwa wengi kuliko inavyofaa, mwambie msimamizi wa zamu mapema na uiandike, kisha linda kwanza njia ya hewa, dawa za presha zinazokaribia kwisha kwenye pampu, na mgonjwa ambaye hali yake haijatulia. Kuoga na kubadilisha shuka kunaweza kusubiri.

Nikipokea zamu, nianzie wapi?

Anzia kwa mgonjwa huku mwenzako bado yupo. Makabidhiano yanayofanyika mezani, mbali na kitanda, huacha mambo mengi nyuma.

Mtazame usoni, mwite jina, mguse mkono kuona kama una joto. Soma namba ya sentimita ya mpira wa kupumulia (mrija unaopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa) inapokutana na midomo na uilinganishe na iliyoandikwa. Mpira ukiingia sentimita mbili zaidi unaweza kuwa unapeleka hewa pafu moja tu. Pima presha ya puto la mpira huo, ambayo inatakiwa iwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Ikipungua, mate na uchafu wa kooni huteremka mapafuni. Ikizidi, damu haifiki kwenye ukuta wa koromeo la hewa. Kisha angalia mfuko wa Ambu (wa kusukuma hewa kwa mkono) na barakoa yake vipo kitandani, oksijeni imeunganishwa, saksheni (mashine ya kuvuta makohozi) inavuta kweli. Washa usikie. Kuiona tu ukutani hakutoshi.

Halafu nyaya na mirija. Shika kila mrija kuanzia kwenye chupa au pampu na uufuate kwa vidole hadi unapoingia mwilini. Ni kazi ya dakika tatu, na ndiyo inayogundua dawa ya presha iliyounganishwa kwenye mrija ambao mtu anakaribia kuusukumia dawa nyingine.

Mwisho ni kipimo cha presha ya ateri, ambacho hudanganya wengi kwa sababu kinatoa namba ya kuvutia kila sekunde. Kinapaswa kuwa usawa wa moyo, yaani nafasi ya nne kati ya mbavu, katikati ya ubavu chini ya kwapa. Kila sentimita 10 za tofauti huleta kosa la takriban milimita 7.4 za zebaki. Mtu akikiinua kitanda ili afunge kidonda na kipimo kikabaki kwenye nguzo yake, kipimo sasa kiko chini ya moyo na presha itasomeka juu kuliko ilivyo. Muuguzi anayeiamini atapunguza noradrenalini ya mgonjwa aliyehitaji kuongezewa.

Mashine ya kupumulia inalia na oksijeni inashuka. Nifanye nini?

Ita msaada kwa sauti na mtazame mgonjwa, si skrini. Kama anaporomoka na hujui kwa nini, mtoe kwenye mashine, mpe pumzi kwa Ambu yenye oksijeni asilimia 100, kisha sikiliza mkono wako unakuambia nini.

Mfuko ukiminyika kwa urahisi, kifua kikapanda pande zote mbili na oksijeni ikarudi, tatizo lilikuwa kwenye mashine au mirija yake. Mfuko ukiwa mgumu, pitisha katheta (mrija mwembamba) ya saksheni. Isipopita, mpira umeziba au mgonjwa anauuma. Ikipita vizuri na bado ni mgumu, fikiria mapafu yenyewe: upande mmoja haupandi, sauti ya hewa haisikiki huko, presha inaporomoka, basi huenda hewa imevuja na kulibana pafu, na hiyo ni dharura ya dakika. Na kama kifua hakipandi kabisa na mstari wa kaboni dioksidi umepotea kwenye monita, amini kwamba mpira umetoka hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama kwa macho unaonekana upo mahali pake.

Nimvute makohozi kila baada ya saa mbili?

Ratiba hiyo iachwe. Mvute anapohitaji: unasikia mikwaruzo kifuani, mstari wa hewa kwenye skrini una meno kama ya msumeno, presha ya njia ya hewa inapanda, au makohozi yanaonekana mpirani. Mwongezee oksijeni kwanza. Katheta iwe na upana usiozidi nusu ya upana wa ndani wa mpira, na usizidishe sekunde 15. Kumwagia maji ya chumvi kabla ya kuvuta, kama desturi ya kila mara, hakushauriwi tena.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasema 94. Nikiamini?

Kwa tahadhari. Kidole chenye baridi, presha ya chini, rangi ya kucha na sumu ya moshi vyote hukichanganya. Kuna jambo jingine linalowahusu moja kwa moja wasomaji wengi wa ukurasa huu: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Kwa ngozi nyeusi kifaa huelekea kusoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo 92 au 93 ya mgonjwa anayehema kwa shida na kuanza kuchanganyikiwa haipaswi kukutuliza. Omba gesi za damu.

Nitajuaje mgonjwa asiyeweza kusema ana maumivu?

Kwa kumtazama kwa utaratibu, sio kwa kukisia. Kuna kipimo kinachoitwa CPOT ambacho huangalia uso, miondoko ya mwili, ukakamavu wa misuli, na jinsi anavyokubaliana na mashine. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2, jumla ni 8, na kuanzia 3 tunachukulia kuwa anaumia. Mapigo ya moyo na presha peke yake havitoshi; vinaweza kupanda kwa homa na visipande kwa maumivu makali.

Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapotuponza. Mgonjwa akirusha mikono, mkono wa muuguzi hukimbilia dawa ya kulaza. Anza na maumivu. Kisha tafuta sababu nyingine rahisi: kibofu kimejaa kwa sababu katheta ya mkojo imejikunja, mpira unamvuta mdomo, ana kiu, amelalia mrija. Aliyeumwa na kulazwa usingizi bila dawa ya maumivu bado anaumwa, ila sasa hawezi kukuonyesha.

Usingizi mzito pia si salama kama ulivyodhaniwa zamani. Isipokuwa kuna sababu maalumu, tunataka mgonjwa anayefumbua macho akiitwa, kati ya sifuri na -2 kwenye RASS, kipimo cha kina cha usingizi.

Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, sasa anaona wadudu ukutani. Ameharibika akili?

Hapana, hiyo ni deliriamu, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa, dawa, kukosa usingizi na mazingira. Ni kawaida mno ICU. Inayoonekana ni ile ya fujo. Ile ya kimya, ya mgonjwa aliyetulia, asiyefuata mazungumzo na anayesifiwa kuwa hasumbui, hupita bila kugunduliwa, na ndiyo hutokea zaidi. Mpime kila zamu. Mrudishie miwani yake na kifaa chake cha kusikia, mwambie ni siku gani na yuko wapi, punguza taa na kelele usiku, na mkalishe au msimamishe mapema kadiri anavyoweza. Dawa za jamii ya diazepamu huongeza tatizo.

Maambukizi ya ICU yanazuiliwaje?

Kwa mambo ambayo hayapendezi kuyasimulia. Mikono. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Meno yapigwe mswaki. Kofia ya katheta isuguliwe kwa spiriti kabla ya kila sindano na iachwe ikauke. Na kila asubuhi muuguzi aulize: mrija huu bado tunauhitaji? Jimbo la Michigan, vyumba zaidi ya 100 vya ICU vilifuata orodha fupi ya hatua za kuweka na kuondoa katheta za mishipa mikubwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi ya damu yamepungua kwa hadi asilimia 66. Sehemu ya mpango huo ambayo husahaulika ni kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua.

Kumlaza mgonjwa kifudifudi kunasaidia kweli?

Kwa mapafu yaliyoumia vibaya, ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalaza wagonjwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo, na vifo vya ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16, dhidi ya karibu 33 kwa waliolala chali. Ila kugeuza ni kazi ya timu. Mtu mmoja anashika kichwa na mpira, naye ndiye anayehesabu na kutoa amri. Wengine husubiri neno lake. Macho yafungwe na kupakwa mafuta yake, waya za ECG zihamishiwe mgongoni, mito iwekwe ili tumbo lipumue. Kisha kidevu, paji la uso, matiti na magoti vikaguliwe kila mara, kwani vidonda vya mgandamizo huanzia huko.

"Sista, ananisikia?"

Huenda. Hata aliyelazwa kwa dawa anaweza kusikia sehemu, na waliopona husimulia sauti walizozitambua. Zungumza naye kama kawaida, mtaje watoto, mweleze nani amekuja. Mshike mkono, uliza tu muuguzi ni upande gani usio na mirija nyeti. Hawezi kukujibu kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, hata akiwa macho kabisa. Ubao wa herufi au karatasi na kalamu husaidia.

Ukimkuta amevimba uso na mikono, mara nyingi ni maji aliyopewa kuinua presha, ambayo mishipa iliyovuja imeyaacha nje. Huondoka pole pole. Muuguzi asisubiri uulize; akueleze kabla hujaingia.

Naona agizo la daktari lina kasoro. Nisemeje?

Sema mapema, kwa namba, na uombe jambo moja mahususi. Linganisha simu mbili. Ya kwanza: "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha nne hayuko sawa sana." Ya pili: "Daktari, ni kitanda cha nne, mama wa sepsisi ya tumbo. Saa mbili zilizopita wastani wa presha ulikuwa 72 kwa noradrenalini 0.1, sasa ni 61 kwa 0.25, mkojo mililita 15 kwa saa, na ana kilo 60. Nadhani anavuja tena. Naomba uje umwone sasa hivi." Kwa kilo 60 tunatarajia angalau mililita 30 kwa saa, kwa hiyo hata hiyo namba ya mkojo imejisemea. Na angalia kilichobeba simu nzima: namba ya sasa imewekwa kando ya namba ya saa mbili zilizopita. Usipopata jibu, panda ngazi: msimamizi wa zamu, kisha daktari bingwa. Andika muda.

Mgonjwa akitoka ICU, kazi imekwisha?

Kwa wengi bado. Misuli imenyauka, kumbukumbu inateleza, ndoto mbaya zinarudi, na ndugu aliyemwuguza naye anaweza kuwa na sonona. Hali hii ina jina la kitaalamu, PICS (matatizo yanayobaki baada ya ICU), na mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajaruhusiwa ili asidhani ni yeye tu. Baadhi ya hospitali, zikifuata desturi iliyoanzia Skandinavia, humwandikia mgonjwa shajara: wauguzi na ndugu huandika kila siku mistari michache kwa lugha ya kawaida kuhusu yaliyotokea. Gharama yake ni daftari. Anapoisoma baadaye huweza kutenganisha yaliyotokea na aliyoyaota.

Kozi ya mtandaoni inatosha?

Kwa nadharia, ECG na gesi za damu, inafaa sana, na unaweza kurudia somo mara nyingi upendavyo. Kwa mengine haitoshi. Kugeuza mgonjwa mwenye mpira wa kupumulia, kuhisi mfuko wa Ambu umekuwa mgumu na kubadilisha pampu ya noradrenalini bila presha kuporomoka hujifunzwa na mikono, chini ya mtu anayeweza kukuzuia. Kabla ya kulipa ada, uliza kozi ina saa ngapi za kitandani, nani anasaini kuwa umeweza, na kama baraza la wauguzi la nchi yako linaitambua.